Siku Mama Atakapokonda

Mwanangu Skola,

Umetoka kwenda kuaga wenzako hospitalini, baba yako yuko uani anapambana na zipu ya begi lako, na mimi nimefunga kibanda mapema ili nikae mezani peke yangu kabla giza halijaingia. Wateja wamenuna. Wawili wamenifuata mpaka nyumbani kuuliza kama nimefiwa, maana pale stendi hawajawahi kuona Mama Skola anazima moto kabla wali haujaisha. Nimewaambia mwanangu anaondoka kesho alfajiri, anakwenda India kusomea kupunguza watu matumbo. Mmoja kanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema basi huyo daktari angeanzia nyumbani kwao. Nimecheka na wao, lakini neno lenyewe limenikaa.

Mambo ya sweta, pasi ya kusafiria na namba ya kupiga ukifika, baba yako ameshayasema mpaka amekauka koo. Mimi nina jambo moja tu. Jumapili tulipotoka misa uliniuliza, "Mama, nikirudi, utakubali nikupasue?" Nami nikakuongezea mboga kwenye sahani. Ukadhani nimekupuuza. Sikukupuuza, mwanangu. Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu huwa napakua. Sasa jibu ninalo, ila nikiliandika hapa juu peke yake utalipokea vibaya, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Wewe umefundishwa kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa. Mimi nimeukuta ukiwa ni salamu. Nilipoolewa nikatoka Majimoto kuja huku mjini nilikuwa mwembamba, na kila niliporudi nyumbani kusalimia, bibi yako alinishika mikono juu ya kiwiko kabla hata sijatua mzigo. Akikuta nimeongezeka anapiga kigelegele, akikuta nimepungua anamgeukia baba yako, na baba yako anaangalia chini. Ukiambiwa umenenepa ilikuwa na maana nyumba ina amani, mume anatunza, hakuna ugonjwa. Halafu ikaja ile miaka ambayo mtu akipungua kidogo tu watu wanaacha kula naye sahani moja. Hakuna aliyetaka kuonekana mwembamba. Hata aliyekuwa mwembamba wa kuzaliwa alivaa nguo mbili.

Nilipofungua kibanda nikagundua kwamba mwili wangu ni kibao cha biashara. Abiria wa basi la kutoka Inyonga akishuka na njaa anaona vibanda vinne, anachagua kile chenye mpishi aliyeshiba. Nilinenepa huku nafurahi. Nguo ikibana napeleka nyingine kwa fundi, na fundi ananipongeza. Nilipoanza kushuka kitandani kwa kushikilia ukuta nilisema ni umri. Nilipoambiwa nina presha nilisema ni mawazo. Ulipokuja wewe na kile kipimo chako cha sukari cha kuchoma kidole nilisema mashine imekosea, ukapima tena, nikasema na hiyo ya pili imekosea.

Sasa nikuambie kuhusu mama yako mdogo Oliva. Unayajua kwa kuunganisha vipande, lakini hujawahi kuyasikia kutoka kwangu.

Mdogo wangu alipatikana na sukari akiwa kwake Inyonga. Kule kliniki wakamwambia apungue, na yule unamjua, akiambiwa jambo analifanya. Akaacha soda, akapunguza ugali, akawa anakwenda kwenye mizinga yake ya nyuki kwa miguu badala ya kupanda pikipiki. Alipokuja kunitembelea sikumtambua. Nilimpita pale stendi nikimtafuta, mpaka akaniita. Kabla hatujafika nyumbani watu watatu walishaniuliza kwa sauti ya chini mdogo wangu anasumbuliwa na nini. Niliingia naye chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia aende akapime ukweli ujulikane. Alicheka sana. Alinieleza yote, sukari, kliniki, mizinga. Mimi nikaona ananificha.

Nikamkataza kurudi Inyonga, nikaanza kumpikia. Wali wa Majimoto wenye mafuta, uji wa karanga asubuhi, nyama usiku. Alikuwa anasema, "Dada, nimeshiba," nami namwambia mgonjwa hajui kushiba. Mimi ni dada yake mkubwa na ile ilikuwa nyumba yangu, angekataaje? Alikula kwa heshima. Siku namsindikiza nguo yake ilikuwa imejaa vizuri, na nilimpitisha makusudi mbele ya vibanda vyote ili wale waliokuwa wananong'ona wamwone. Walisema amenenepa, nikawajibu asante kana kwamba sifa zilikuwa zangu.

Alivyofika kwake hakurudi tena kwenye ile njia yake ya kutembea. Miaka ikapita, kikaja kidonda kwenye kidole cha mguu, na kidonda kikapanda. Wewe ulishanieleza kwamba sukari ina njia zake nyingi na nisijibebeshe yote, na nimejaribu kukuelewa. Lakini siku wanamkata mguu ni mimi niliyekuwa nje ya thieta, kwenye benchi. Wakati anaingizwa nilipewa vitu vyake nishike, khanga, rozari na viatu. Nikakaa na viatu vyote viwili mapajani. Watu wa nguo za kijani waliingia na kutoka, na kila mlango ulipofunguka nilisimama, na kwa miguu yangu hii kusimama ni kazi. Hatimaye daktari akatoka, akaniambia imekwenda vizuri, akapita huku anatoa glavu. Alikuwa mstaarabu, simlaumu, alikuwa na wengine wa kuwahudumia. Ila hakuviona vile viatu. Nilitaka mtu mmoja avione na aniambie nifanye nini na kile kimoja.

Oliva hajawahi kunigombeza. Mwaka jana nilipokwenda kumwona alinipa asali, tukakaa, nikamwambia naomba anisamehe kwa ule mwezi niliomlisha. Akanishika mkono akasema, "Dada, ulinipenda kwa sufuria. Ndo kupenda ulikokujua." Nililia pale pale mbele ya watoto wake. Hiyo asali aliyokutumia kwenye dumu dogo jeupe usimwambie kwamba uwanja wa ndege hawatakuruhusu kupanda nayo mkononi. Ifunge kwenye begi kubwa, au tuachie sisi na umsifie.

Sikusimulii haya ili uende India na huzuni. Nakusimulia kwa sababu watu utakaowapasua wewe hawatatoka thieta wakaingia nyumba za Wahindi, watarudi kwa watu kama mimi. Utakuwa umefanya kazi safi, mfuko wa chakula umeupunguza, matundu madogo uliyopitishia vyuma vyako yamefunga, na mgonjwa wako amerudi Katumba au Mpimbwe. Ataketi msibani, atawekewa sahani, atakula vijiko vitatu na kuacha. Shangazi yake atasema anaringa. Mkwewe atasema ana lake. Baada ya miezi michache watu wataanza kunong'ona, na usiku mmoja dada yake mkubwa atafunga mlango wa chumba. Kwa hiyo kabla hujamlaza mtu mezani, muulize kwao anapika nani. Halafu mwite huyo mpishi, mkalishe, mweleze kama ulivyonieleza mimi, pole pole, mpaka aache kubisha. Laiti Oliva angekuja siku ile na daktari mmoja wa kunifokea.

Sasa niache hayo, maana nimeona wino umechafuka kidogo.

Unakumbuka lile boksi lako? Ulipokuwa unasomea upasuaji Mwanza ulirudi likizo na vyuma viwili virefu vyembamba vyenye mdomo kama wa koleo, ukachukua boksi la sabuni, ukatoboa matundu, ukaweka simu yako ndani ipige picha na picha itokee kwenye televisheni yetu. Ukamwaga mchele kwenye kisahani ndani ya boksi, ukawa unahamisha punje moja moja kwenda kwenye kikombe, macho kwenye televisheni, mikono haina habari na macho. Baba yako alinyimwa taarifa ya habari wiki nzima. Nikasema hilo nalo ni jambo gani, nimechambua mchele tangu sijaota meno, nipe nijaribu. Nikashika vyuma. Mkono nikiupeleka kulia, ncha kule ndani inakwenda kushoto. Nikiinua, inazama. Sikuhamisha hata punje moja, na jasho lilinitoka. Ukaniambia, "Usiangalie mkono wako, mama, angalia kule unakofanya kazi." Nikakurudishia vyuma vyako, na kuanzia siku hiyo mtu akiniuliza kwa nini mwanangu hamalizi kusoma namwambia aje ajaribu boksi.

Na ule utumbo wa mbuzi je? Uliununua buchani, ukaushona na kuufumua mezani kwangu mchana kutwa, ukauacha kwenye beseni ukaenda kulala. Alfajiri mimi nikaona beseni la utumbo safi, nikajua umenisaidia kuosha. Ukaingia kwenye sufuria. Yule dereva wa Fuso anayebeba tumbaku ya Katumba ndiye aliyeniita, ameshika kijiko juu: "Mama Skola, supu yako imefanyiwa operesheni." Uzi wa bluu, na fundo zuri kabisa. Nilimrudishia hela na bado akamaliza bakuli. Mpaka leo akifika anauliza kama kuna iliyopasuliwa.

Mjomba wako alikuwa anasema umepotea njia. Mimi nimemsikia mbele yako na nyuma yako. Watu wanaanguka na bodaboda kila siku, yeye anasema, mtoto angesomea mifupa, Katavi kuna wanene wangapi wa kukatwa matumbo? Ulimjibu bila hasira kwamba matundu hayo hayo yanatoa mfuko wa nyongo na kidole tumbo, mgonjwa analala usiku mmoja badala ya wiki, na mkulima anarudi shambani kabla palizi haijampita. Kuhusu wanene ukamwambia ahesabu tu waliokaa pale sebuleni. Akahesabu, akaishia kwangu na kwake mwenyewe, akaomba maji. Nilikuwa na fahari siku hiyo, sikukuambia. Nakuambia sasa.

Lakini kuna siku nyingine ninayoifikiria zaidi. Ni ile uliyorudi kutoka kazini ukapita moja kwa moja chumbani. Nilikuletea chakula hukugusa. Ulikuwa umeanza kumtoa mama mmoja mfuko wa nyongo kwa matundu, damu ikatoka mahali isipotakiwa, picha yote ikawa nyekundu, na ikabidi ufungue tumbo kwa kisu kirefu kama zamani. Yule mama alipona. Wewe ulikuwa unaona aibu. Ulisema mkubwa wako alikuambia pale pale mezani kwamba kufungua si kushindwa, aliyeshindwa ni yule anayeendelea kupapasa kwenye damu kwa sababu aliahidi matundu. Ulinisimulia hayo ukiwa umeangalia ukuta, nami nikakuchemshia chai.

Nilipaswa kukusimulia harusi ya Majimoto. Hujawahi kuisikia kwa sababu sikuwahi kuisema. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza, nimeitwa kwetu nikapike, mimi niliyetoka mjini. Sufuria kubwa la wali likashika chini. Harufu niliisikia mapema kabisa, wakati ningeweza kupakua ule wa juu mzuri nikauhamisha na kuwaambia wenyeji tumepoteza kidogo. Badala yake niliona haya. Nikashika mwiko nikakoroga, ili ule ulioungua upotee ndani ya ule mwingine. Haukupotea. Sufuria zima likanuka moshi, na watu wakala harusi nzima wakiwa na adabu. Hakuna aliyenisema, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Wewe siku ile uliacha kukoroga. Ulifungua ukaonyesha. Wewe ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hilo ulilifanya bila kufundishwa na mimi. Huko uendako utafundishwa mikono, na mikono unayo tayari. Naomba hiyo ya kufungua na kuonyesha isikupotee ukishaitwa bingwa bobezi na watu wakaanza kukuogopa.

Haya, jibu.

Kwanza, usiende India kwa ajili yangu. Ulisema hivyo Jumapili, na najua ulisema kwa upendo, lakini ulinitwisha mzigo. Miaka miwili ni mingi kwa mtu mwenye presha. Nikitangulia kabla hujarudi, utarudi ukiwa na elimu unayoiona haina kazi, na hilo sitaki. Wapo wengine. Yupo yule mwalimu wa shule ya msingi anayekaa kwenye viti viwili, yupo mke wa muuza vitenge ambaye hajapata mtoto na wewe mwenyewe ulisema uzito unaweza kuwa sababu. Nenda kwa ajili ya hao ambao hawakukuzaa. Mimi huku nitatembea mpaka kanisani na kurudi, na soda nimeacha tangu Jumatatu. Baba yako ni shahidi, ingawa anasema nimekuwa mkali.

Pili, nakubali kupasuliwa. Soma tena, nimeandika nakubali. Ninaogopa, Skola. Kisu sikiogopi sana. Ninaogopa kupita pale stendi nikiwa nimepungua, watu walewale waliomtazama Oliva wanitazame mimi, na abiria wa Inyonga wakapite kwenda kula kwa jirani. Ninaogopa kutoulizwa tena kwa furaha kwamba mbona nimenenepa, maana hiyo ndiyo salamu niliyolelewa nayo na sijui nitaishi na ipi. Siku hiyo utanisindikiza. Tutapita mbele ya vibanda vyote kama nilivyompitisha mama yako mdogo, na anayetaka kunong'ona atanong'ona tukiwepo.

Tatu, hutanipasua wewe.

Usikasirike kwanza. Mikono yako naiamini kuliko ya mtu yeyote, nimeiona ikihamisha punje za mchele usiku na mchana. Ila mimi nilimwangalia mdogo wangu kwa macho ya upendo, na macho hayo ndiyo yaliyoshindwa kuona. Wewe utanifunika kwa shuka la kijani, uache kidirisha cha tumbo tu, ujiambie ni mgonjwa kama wengine. Halafu hapo chini utakuta kovu langu, lile la kulala, limepauka na kuvutika. Hilo ni mlango uliopitia wewe. Walikutoa hapo umechoka, hulii, na waliokutoa hawakuwa ndugu zangu, hawakunijua hata jina, na nadhani ndiyo maana mikono yao haikutetemeka. Nitafutie mtu wa namna hiyo. Mchague wewe, mwenzako unayemwamini, umwambie kila kitu kuhusu sukari yangu na ubishi wangu, halafu utoke.

Utoke uende kwenye benchi. Kwa miaka yako yote ya kazi umekuwa upande wa ndani wa ule mlango, na utaendelea kuwa ndani mpaka uzeeke. Ninataka siku moja tu ukae upande wetu. Nitakupa vitu vyangu ushike, khanga, rozari na viatu, vyote viwili. Mlango ukifunguka utasimama. Ukifungwa utakaa. Muuguzi akipita akakuuliza wewe ni nani, usimwambie ni daktari. Mwambie unamsubiri mama yako.

Namsikia baba yako ameshinda zipu. Nakwenda kukupakulia, kidogo, kama ulivyonifundisha.

Ni mimi niliyekuzaa kwa kovu,
Mama Skola